Mbuzi wa Malta na Moyo wa Mjomba

Nakala ya kusoma, kwa waliokosa kipindi hewani

(Sauti: kengele za mbuzi, hatua za watu kwenye barabara ya mawe. Inapungua polepole.)

Kama umeikuta karatasi hii kwenye ubao wa matangazo, simama kidogo kivulini uisome. Kama umepewa na jirani, ukimaliza mpe mwingine. Leo ninakupeleka mbali, kisiwani Malta, na kurudi kutatupitisha Denmaki na Marekani kabla ya kufika hapa kwetu kwenye vilima vya ng'ombe wa pembe ndefu, kusini-magharibi mwa Uganda. Habari yenyewe ni ya maziwa, na pia ya moyo. Mwanzoni utadhani hivi viwili havihusiani. Mimi pia nilidhani hivyo.

Kabla sijaanza, ujue kwamba mimi si daktari. Nilimaliza sekondari humu humu kambini, na kazi yangu ni kusoma, kuuliza na kusema mbele ya kipaza sauti. Haya nimeyasoma, na muuguzi anayetusaidia kwenye kipindi ameyapitia na kunisahihisha pale nilipoteleza.

Malta ni kisiwa kidogo katikati ya Bahari ya Mediterania, kusini mwa Italia. Katika karne ya 19 kilikuwa chini ya Waingereza, nao walikitumia kama kituo cha meli na askari wao. Tatizo lao lilikuwa homa. Askari aliyetoka Uingereza mzima wa afya alikaa Malta miezi michache, kisha akaanza kutetemeka. Homa ilipanda jioni na usiku akalowesha shuka kwa jasho, na asubuhi alikuwa na nafuu akadhani amepona. Baada ya wiki mbili ilirudi, ikaondoka, ikarudi tena. Viungo vilimuuma, kiuno kilikaza, hamu ya chakula ikaisha. Wengine waliishi hivyo mwaka mzima na zaidi. Wengi hawakufa, ila jeshi lilikuwa na mamia ya watu wanaokula mshahara kitandani. Daktari wa jeshi aliyeitwa Jeffery Marston aliugua homa hiyo mwenyewe, akapona, kisha akaandika maelezo yake, akionyesha kwamba ni ugonjwa wa peke yake, tofauti na homa ya matumbo na malaria ambazo watu walizichanganya nayo.

Hapo kwenye kuchanganya na malaria tia alama, msomaji. Nitarudi.

Mwaka 1884 alifika Malta daktari mwingine wa jeshi, David Bruce, pamoja na mke wake Mary Elizabeth. Tunazungumza sana juu ya Bruce, lakini mke wake ndiye aliyekuwa fundi mwenzake wa hadubini, akichora alichokiona na kuandaa vielelezo, na maisha yao yote walifanya kazi pamoja, hata porini. Bruce alichukua vipande vya wengu la askari waliokufa kwa homa ile, akaviweka chini ya hadubini, akaona vijidudu vidogo mno vya mviringo. Akisaidiwa na daktari Mmalta, Giuseppe Caruana-Scicluna, akaviotesha kwenye chombo na kuona ndivyo vinavyoleta homa. Mwaka 1887 akatangaza ugunduzi wake.

Adui alikuwa amepatikana, lakini hakuna aliyejua anaingilia wapi, na hilo halikujulikana kwa miaka 18. Madaktari walishuku hewa mbaya ya bandarini, wakashuku mifereji ya maji machafu, vumbi na mbu. Mwingine wao, Louis Hughes, mwaka 1897 aliandika kitabu kizima juu ya homa hii, akaipa jina la homa ya mawimbi kwa sababu joto lake hupanda na kushuka kama bahari. Miaka miwili baadaye akauawa vitani Afrika Kusini, kabla jibu halijapatikana.

Jibu lilikuwa likipita mlangoni kila asubuhi. Zamani hizo, katika mitaa ya Valletta, mji mkuu wa Malta, mchungaji alipita na mbuzi wake nyumba hadi nyumba. Mama alitoka na bakuli, mbuzi akakamuliwa pale pale kizingitini, maziwa yakaingia ndani yakiwa bado na joto la kiwele. Mteja alikuwa na uhakika kwamba hayakutiwa maji. Nikisoma habari hiyo niliona kabisa njia yetu ya asubuhi hapa, vijana wa baiskeli na bidoni zao za njano (bidoni ndivyo tunavyosema sisi wa Kivu, Waganda wanaita jerikeni), na akina mama na vikombe vyao. Sisi pia tunapenda yaliyotoka kwa ng'ombe sasa hivi. Tunasema hayo ndiyo yenye nguvu.

Mwaka 1904 Waingereza waliunda tume ya kuchunguza homa hiyo, Bruce akiwa kiongozi. Ndani ya tume alikuwamo daktari Mmalta aliyeitwa Themistocles Zammit. Huyu ndiye ninayempenda katika hadithi hii yote. Wengine walimwona mbuzi kuwa mnyama sugu asiyeshikwa na homa ya Malta, maana mbuzi wa Malta walionekana wazima, wananenepa na kutoa maziwa vizuri. Zammit alitaka kujaribu kuwaambukiza makusudi aone itakuwaje. Lakini kabla ya kuwaambukiza, Juni 1905, alipima damu yao kwanza. Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Unachukua majimaji ya damu ya mgonjwa, unayachanganya na vile vijidudu, na kama mwili wake ulishawahi kupambana navyo, vijidudu hushikamana na kuwa mabonge madogo. Mbuzi walikuwa sita, na damu ya watano ilishikamanisha vijidudu kabla hawajaambukizwa chochote. Walikuwa nao tayari.

Baadaye daktari wa jeshi William Horrocks alivikuta vijidudu vyenyewe ndani ya maziwa. Tume ilipopima mbuzi wengi kisiwani iliona kwamba karibu nusu walikuwa na dalili za maambukizi katika damu, na karibu mmoja kati ya kumi alikuwa akitoa vijidudu kwenye maziwa yake. Mbuzi mwenyewe hakuonekana mgonjwa hata kidogo. Ukitaka kujua kwa nini homa ilipiga maofisa na wagonjwa wa hospitali, watu waliotunzwa vizuri, sababu ni kwamba hao ndio waliopewa maziwa zaidi.

Mwaka huo huo meli moja, Joshua Nicholson, ilipakia mbuzi wa maziwa kutoka Malta kuwapeleka Marekani, kwa sababu Wamarekani walisikia sifa zao. Safarini mabaharia walijinywea maziwa bure, wakafurahi. Wengi wa walioyanywa mabichi waliugua homa ya Malta. Mbuzi walipofika Marekani walitengwa, mwishowe wakaangamizwa wote.

Katikati ya mwaka 1906 jeshi na wanamaji wa Uingereza huko Malta walikatazwa maziwa ya mbuzi, wakapewa ya kopo. Homa iliyokuwa ikiwalaza askari kwa mamia kila mwaka ilishuka ghafla, na mwaka 1907 wagonjwa wa jeshini walikuwa wa kuhesabu. Hakuna dawa iliyotumika. Walibadilisha kikombe tu.

Vitabu vingi hufunga hadithi hapo kwa makofi. Mimi sikuridhika, nikauliza, na Wamalta wenyewe je? Wao waliendelea kuugua. Askari alipewa amri, na pamoja na amri akapewa maziwa ya kopo. Raia wa Malta alipewa habari tu. Mchungaji aliambiwa mbuzi wake ana sumu, naye anamwona mbuzi amesimama mbele yake anatafuna majani, mnene, na watoto wake wanakula kutokana na mbuzi huyo. Wewe ungeamini? Mimi nisingeamini. Miaka ikapita, na mpaka mwaka 1938 ndipo Malta ilipopata kiwanda cha kuyapasha maziwa moto kwa kipimo ili kuua vijidudu. Kuanzia ugunduzi wa Zammit hadi hapo ni miaka 33. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa amekwisha kuwa na watoto. Na hata mwaka 1995 ugonjwa uliibuka tena kisiwani kwa sababu ya jibini laini iliyotengenezwa kwa maziwa mabichi.

Kijidudu kilipewa jina kwa heshima ya Bruce, ndiyo maana leo tunasema brusela, na ugonjwa bruselosisi. Jina la Zammit halikuingia. Sitaki kumsema vibaya Bruce. Alifanya kazi kubwa, na mwaka 1903 alifika hapa hapa Uganda, Entebbe, kuchunguza ugonjwa wa malale uliokuwa ukimaliza watu kando ya Ziwa Victoria, akaonyesha kwamba unaletwa na mbung'o. Yeye na Mary Elizabeth walifariki wakipishana siku chache, Novemba 1931, na yeye alikata roho wakati wenzake wakiwa kwenye ibada ya kumuaga mke wake. Lakini aliyepima damu ya mbuzi ambaye wengine walishamwona hana kosa alikuwa mtu wa kisiwa kile, aliyejua jinsi maziwa yanavyoingia nyumbani mwao.

(Muziki mfupi.)

Sasa ng'ombe. Mwaka 1897, wakati Hughes anaandika juu ya homa ya mawimbi, daktari wa mifugo wa Denmaki, Bernhard Bang, alikuwa akitafuta kwa nini ng'ombe wa wafugaji wanatupa mimba. Alipata kijidudu. Hakuna aliyekihusisha na kile cha Malta: kimoja ni cha mbuzi na askari kusini, kingine ni cha ng'ombe kaskazini. Ikapita miaka zaidi ya 20, mpaka mwanamke mmoja Mmarekani, Alice Evans, alipoviweka pamoja kwenye meza ya maabara na kuona kwamba ni ndugu wa karibu sana. Mwaka 1918 akachapisha, na kuonya kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kumpa mtu ugonjwa huo.

Hawakumsikiliza. Alikuwa mwanamke na hakuwa na shahada ya udaktari, na wauza maziwa hawakupenda neno lake. Mwaka 1922 akaambukizwa mwenyewe kazini. Homa ilimwendea na kumrudia kwa miaka zaidi ya 20. Na unajua madaktari walimwambia nini? Kwamba ni mishipa ya fahamu imechoka, ni mawazo tu. Mwanamke aliyeonya juu ya kijidudu alikuwa nacho ndani ya mwili wake, akaambiwa hana ugonjwa. Baadaye walimwamini, wakamchagua mwaka 1928 kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wataalamu wa bakteria wa Marekani, na katika miaka ya 1930 kuyapasha maziwa moto kukawa sheria sehemu nyingi za nchi yake.

Nilipoisoma habari ya Alice Evans nililiweka chini kabati, nikatoka nje nikatembea. Nitakuambia kwa nini.

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mchungaji tangu utoto, kule milimani Kivu ya Kusini. Alipofika hapa hakuwa na ng'ombe wake, akapata kibarua cha kuchunga wa mwenyeji mmoja nje ya kambi. Ng'ombe akizaa kwa shida, yeye ndiye aliyeitwa. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, mkono mtupu, akamtoa ndama na kondo la nyuma. Ng'ombe akitupa mimba, yeye ndiye aliyebeba na kuzika. Alijua kazi yake, na mimi nilijivunia.

Akaanza homa. Alikwenda kituo kimoja cha afya, wakampa dawa ya malaria. Ikapoa. Wiki tatu baadaye ikarudi, akapewa dawa ya malaria tena. Kiuno kikamkaza hata akawa anainuka kwa kushika ukuta. Jasho usiku. Mara ya nne au ya tano walipima malaria wakakuta hana, wakamwuliza ametoka wapi, ameona nini huko, amepoteza nani. Alikuwa amepoteza wengi. Basi wakamwambia ni mawazo. Sitaji kituo wala mtu, maana nafahamu walikuwa na foleni ndefu na vipimo vichache, na ni kweli kwamba watu wa hapa tuna mawazo mengi. Lakini mwenye mawazo naye anaweza kuwa na bakteria.

Na mimi nilifanya nini? Nililipwa posho yangu ya kwanza ya redio, nikasema mjomba amedhoofika, anahitaji nguvu. Kila asubuhi nilimpelekea nusu lita ya maziwa ya moto, ninamaanisha moto wa kiwele, siyo wa jiko. Miezi miwili. Alikunywa mbele yangu na kunibariki. Muuguzi wetu ananiambia kwamba huenda aliupata zamani, kwenye zile kazi za kuzalisha ng'ombe, na kwamba kikombe changu hakikuanzisha kitu. Labda. Hata hivyo nimeandika, kwa sababu wewe msomaji huenda kesho asubuhi unampelekea mgonjwa wako kikombe hicho hicho kwa upendo huo huo.

Baada ya miezi ile homa haikuwa tena jambo kubwa. Kubwa lilikuwa pumzi. Kutoka mlangoni hadi chooni alisimama mara mbili. Akilala chali alikohoa na kuzidiwa, akawa analala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Tulidhani ni figo. Jirani mmoja akasema ni kulogwa.

Hapa ndipo moyo unapoingia, na nitaeleza kama nilivyoelezwa.

Moyo ni pampu yenye vyumba vinne, na kati ya vyumba na kwenye njia za kutokea kuna milango midogo inayofunguka upande mmoja tu. Wataalamu huiita vali. Damu ikipita, mlango unajifunga nyuma yake ili isirudi. Kijidudu cha brusela kina tabia mbaya kuliko wengi: hakiogelei tu kwenye damu, bali hujificha ndani ya chembe zenyewe zinazolinda mwili, kama mwizi anayelala kwenye kibanda cha mlinzi. Kutoka huko husafirishwa popote. Mara nyingi hukaa kwenye viungo na uti wa mgongo, ndiyo maumivu ya kiuno. Mara chache hukaa kwenye mlango wa moyo, hasa ule wa aota, njia kuu inayopeleka damu mwilini kote. Hapo huota kama kuvu kwenye ukuta wenye unyevu, hula mlango, huweza hata kutunga usaha pembeni yake. Mlango ukitobolewa haujifungi tena vizuri. Damu inayotoka inarudi ndani, moyo unasukuma kazi ile ile mara mbili, unachoka, na maji yanajaa kwenye mapafu na miguuni. Wakati mwingine kipande cha kile kilichoota hukatika, kikaenda na damu hadi kwenye ubongo, mtu akapooza upande mmoja.

Usiogope kupita kiasi. Kati ya wagonjwa 100 wa brusela, wanaofikia kuharibika moyo hivyo ni mmoja au wawili hivi, na wengi wa waliobaki hupona wakitibiwa. Lakini ukihesabu wale wachache wanaokufa kwa ugonjwa huu, wengi wao ndio hao wa moyo. Tangu enzi za askari wa Malta ilisemwa kwamba homa hii inatesa lakini haiui sana, na neno hilo limewafanya watu wengi walegee. Mlango wowote unaweza kushikwa, hata mzima, ila ule ulioharibiwa zamani na homa ya baridi yabisi ya utotoni hushikwa kirahisi zaidi, na huku kwetu wenye milango ya namna hiyo ni wengi bila kujijua.

Historia ya matibabu yake ni fupi na chungu. Kabla ya miaka ya 1940 hapakuwa na dawa ya kuua kijidudu hiki. Zikaja antibiotiki, kwanza streptomisini na jamaa zake, na homa ikawa inatibika kwa dawa mbili pamoja. Lakini mlango uliokwisha kuliwa hauoti upya kwa vidonge. Wenye moyo ulioharibika waliendelea kufa hata dawa zikiwapo, mpaka mwaka 1960, madaktari wa Marekani walipofanikiwa kuweka milango ya bandia moyoni. Tangu hapo njia ni hiyo kwa wengi: dawa mbili au tatu kwa miezi, na upasuaji wa kubadilisha mlango. Uganda upasuaji wa moyo unafanywa, kwenye Taasisi ya Moyo iliyoko Mulago, Kampala.

Mjomba aliangukia mikononi mwa tabibu mmoja kijana aliyemwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza. Hakuuliza umetoka wapi. Aliuliza, mzee, unafanya kazi gani? Aliposikia ng'ombe, akaomba kipimo cha brusela. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kwenye kigae, ambacho ni mjukuu wa kile cha Zammit, kilishikamana mara moja. Halafu akaweka kifaa cha kusikilizia kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akatuandikia rufaa siku ile ile. Huko mbele walimpiga picha ya moyo kwa mashine ya ultrasaundi, nikaonyeshwa kwenye kioo: kitu kama kipande cha kitambaa kinapepea mahali ambapo mlango ulipaswa kufunga. Sikuhitaji mtu anieleze kwamba ni kibaya.

Walianza dawa. Walisema akipata nguvu kidogo atapelekwa Kampala. Aliishi siku 11. Tabibu yule alituambia, bila kutulaumu, kwamba miezi mitano mapema ingekuwa vidonge vya wiki sita tu.

Vidonge vya wiki sita. Hilo nataka ulikumbuke kuliko jina la Bruce. Brusela isiyo ya moyo hutibiwa kwa dawa mbili pamoja, mara nyingi doksisaiklini na rifampisini, au doksisaiklini na sindano, na muda wake ni wiki sita siyo siku saba. Wajawazito na watoto wadogo hupewa nyingine, kwa hiyo usigawane vidonge na ndugu yako. Watu wengi huacha wiki ya pili kwa sababu homa imetoka. Mwizi bado yuko kwenye kibanda cha mlinzi. Ukiacha, anarudi.

Na ukienda kituoni na homa inayorudi-rudi, usisubiri kuulizwa. Sema mwenyewe: ninachunga, ninachinja, nimezalisha mbuzi, ninakunywa maziwa mabichi. Kama umeanza kukosa pumzi au miguu inavimba au huwezi kulala chali, sema hilo kwanza, kabla ya homa.

(Sauti: maziwa yakimiminwa kwenye sufuria.)

Tulipotangaza kwamba tutaongea juu ya hili, maswali yalikuja mengi. Mama mmoja wa Burundi aliuliza, je, maziwa yaliyoganda, yale tunayoita ikivuguto, si yameshachacha, na uchachu unaua vijidudu? Jibu ni hapana, usiutegemee. Brusela huvumilia uchachu kwa siku kadhaa. Chemsha kwanza, yakipoa ndipo uyagandishe, utie maziwa lala kidogo ya jana kama mbegu. Yataganda vizuri. Siagi na jibini vivyo hivyo.

Kijana mmoja aliuliza kama nyama choma ni hatari. Iliyoiva haina shida. Shida ni mikono yako wakati wa kuchinja, hasa ukiwa na kidonda, na zaidi sana wakati wa kuzalisha mnyama au kubeba mimba iliyotupwa. Tafuta glavu, na ukikosa vaa mfuko wa plastiki mikononi, kisha nawa kwa sabuni. Kile kilichotupwa kichimbie chini, usiwape mbwa.

Mzee mmoja hakuuliza, alilalamika. Alisema maziwa yakichemshwa yanapoteza utamu, na babu zake walikunywa mabichi wakaishi miaka 90. Mzee, sikatai. Wachungaji wa Malta nao walisema hivyo, na wengi wao waliishi kweli. Mimi ninakuomba uyaache yafoke mara moja tu, uondoe sufuria. Hayahitaji kuungua. Mama yangu naye alilalamika wiki ya kwanza, akasema yananuka moshi. Sasa anatia kipande cha tangawizi, anasema ndivyo alivyokuwa akiyataka siku zote.

Wenye mbuzi na ng'ombe, kipindi kijacho tutakuwa na afisa wa mifugo atakayeeleza juu ya chanjo ya ndama, na kwa nini mnyama aliyetupa mimba asiuzwe kwa jirani kabla hajapimwa. Andikeni maswali, yawekeni kwenye sanduku lililo mlangoni mwa studio, au mpeni yeyote kati yetu mkikutana naye kwenye foleni ya maji. Asiyejua kuandika atuambie kwa mdomo, tutaandika sisi.